Nyumba ya Etaje Uliyomjengea Mama Yako

Kwa Baba, huko Kampala,

Neno "mpendwa" nimeliacha kwa makusudi. Adabu ya barua inalidai, najua. Lakini adabu hiyo hiyo inadai ukweli, na vitu hivyo viwili leo vimekataa kukaa katika mstari mmoja. Ninakuandikia waziwazi, asome yeyote anayetaka, kwa sababu wewe nawe uliniamuru waziwazi: kwenye fonia ya mjini, ile redio ya kuitana kwa zamu, mbele ya benchi zima la watu waliokuwa wakingoja zamu yao ya kusema na ndugu zao. Uliamuru Tate, mama yako mzazi, arudishwe katika chumba cha juu, au sivyo apakiwe kwenye ndege ya mizigo aletwe kwako. Amekataa yote mawili. Mimi nimesimama upande wake, na hapa ninakupa sababu kwa utaratibu ambao fonia haikuuruhusu.

Tuanzie Fataki, kijijini kwetu, maana huko ndiko utetezi wako unakofia.

Unalikumbuka jiko la Tate kule Fataki? Lilisimama peke yake uani, la udongo, kuta zake zikiishia kifuani ili moshi utoke na mpita njia aonekane. Ulikuwa ukifika Jumamosi kutoka kazini Bunia, suruali yako imenyooshwa kwa pasi, nawe unainama bila kusita, unakaa kwenye kiti kifupi, magoti yanakaribia kidevu, unachomoa kiazi kwenye majivu kwa vidole. Mimi kando yako nilikuiga hata namna ya kupuliza. Wanawake walipita kuomba kaa la moto, na kila aliyeomba kaa aliacha habari. Wakwe walikaa ng'ambo ya moto, mbali kiasi cha heshima, wakazungumza na Tate bila kumtazama usoni. Ulimpenda mama yako pale. Sikusingizii upole huo; niliuona. Ndiyo maana huwezi kuniambia kwamba hukujua. Asiyejua husamehewa. Wewe ulijua kila kitu, kisha ukaketi mezani ukachora kana kwamba mama yako ni wazo.

Nilikuwa nimeshika ncha moja ya utepe wa kupimia siku ulipopima kiwanja hapa Bunia.

"Mama yangu atalala juu," ulisema. "Juu kabisa, sawa monseigneur, askofu wetu."

"Na atapanda aje, Baba?"

"Ngazi iko ya nini, weye?"

Nilikuwa mwanafunzi wa sekondari, nikanyamaza. Leo nina digrii ya maendeleo ya vijiji, na kunyamaza si katika mambo niliyofundishwa.

Nyumba ikapanda, ikawa ya etaje, yaani ya orofa. Mjini watu walisimama barabarani kuhesabu madirisha yake. Sakafu ya saruji nyekundu ikasuguliwa hadi ikang'aa, ikateleza hata kwa kuku. Madirisha ya chumba cha Tate yaliwekwa juu kiasi kwamba, akiketi, aliona mawingu tu. Ukamfanya mwanamke aliyemjua kila apitaye Fataki asimjue hata jirani. Jiko likaingizwa ndani, nyuma ya salon, sebule yenye viti vya mahameli, na mwanamke gani mwenye akili atapita kati ya viti vya mahameli na kaa la moto mkononi? Choo kikawa cha kuvuta maji, na mabomba yalipokauka vita vilipoanza, maji ya kukisafisha yakawa ya kutekwa mto Nyamukau na kupandishwa ngazi kichwani. Na nyuma, mahali palipokuwa na njia ya miguu ya mtaa mzima, ukasimamisha ukuta wenye vipande vya chupa juu yake. Vyuma vya kushikilia kwenye ngazi ulisema vinatoka Kampala. Wewe umefika huko, Baba. Vyuma havijafika huku.

Siku ya kubariki nyumba ulitoa hotuba. "Nyumba hii ni ya Mama," ulisema, na watu wakapiga makofi. Tate akapanda, kiganja ukutani, mdomo umefungwa. Kushuka ndiko kulikomfunua: alikaa kwenye ngazi ya juu, na kitenge chake kipya, akajishusha kwa makalio, daraja kwa daraja, kama mtoto anayejifunza kushuka kitanda. Wageni walicheka kidogo, kwa upole. Wewe ulicheka nao, ukasema, "Atazoea."

Nimesoma vitabu vizito kuhusu miji na nyumba, na sijakuta ndani yake neno la kijinga kama hilo. Mwili wa mzee hauzoei. Kila mwaka unapunguza. Nyumba ya mzee inaanzia gotini. Kisha inauliza kibofu, inauliza macho, inauliza sauti yake dhaifu itafika umbali gani kabla haijapotea. Mwisho kabisa, ikibaki saruji, inauliza barabara itasema nini. Wewe ulianza na barabara, na saruji ikaishia hapo hapo.

Tena usidhani uko peke yako. Bunia imejaa wana wa namna yako: wamejengea mama zao makaburi yenye madirisha, wakapiga picha mbele yake, wakaondoka. Wanatuma mablanketi mazito na kiti cha magurudumu. Hakuna hata mmoja aliyemuuliza mama yake anaamka mara ngapi, wala anamuogopa nani akibaki peke yake. Hamtaki kuuliza kwa sababu jibu linakuja na sura yenu wenyewe. Walioonana nawe huko wanasema umeanza kushika ukuta unapopanda kwenye nyumba uliyopanga. Kwa hiyo hata kujihurumia kungekufundisha kitu, kama ungekuwa msikivu.

Sasa sikiliza habari za siku ambayo bunduki zililia katikati ya mji, maana kwenye fonia hukuniacha nifike hapo.

Nilikuwa upande wa uwanja wa ndege. Nilirudi nikikimbia kwenye mifereji, na nikakuta mlango wetu wazi. Shangazi, dada yako, alikuwa ameshatangulia na watoto wake. Chini ya ngazi alisimama mumewe, Mateso, mwanaume unayemjua, mwenye mabega ya kubeba gunia la maharagwe kama mtu abebaye koti. Alisimama pale, uso umeelekezwa ukutani. Juu alikuwa Tate. Kati yao kulikuwa na kazi ya mikono yako.

Unajua mila yetu kuliko mimi. Mkwe haingii chumba anacholala mama mkwe wake. Haoni kitanda chake. Wewe mwenyewe, ulipokwenda kwa wazazi wa mama yangu, ulizunguka nyumba nzima kwa nje usipite karibu na mlango ule. Na kwa kujua hayo, ulijenga ngazi ambayo haifiki popote isipokuwa kwenye kitanda cha mama yako! Mwanaume pekee mwenye nguvu aliyeishi jirani naye ulimfungia nje kwa mchoro. Hata adui hangefikiria hivyo.

"Mama, shuka!" Mateso alikuwa akiuambia ukuta. "Watu wa bunduki wanafika!"

"Nishuke na miguu ya nani?"

"Basi nipande nikubebe. Ninafumba macho, Mama, siangalie kintu!"

"Weye Mateso, ukiweka muguu kwa chumba yangu, minaruka kwa dirisha! Kisha utaenda kuambia watu nini? Eti mama mukwe alikufa juu yako?"

"Mama, siye wote tutakufa hapa!"

"Enda na bibi yako na watoto. Mi nimekwisha kuishi."

Hakwenda. Hilo nataka uliandike moyoni: hakwenda. Alibaki mlangoni, mgongo kwetu, akiziba njia kwa mwili wake, huku mimi nikipanda na kumkuta Tate ameketi sakafuni, ameshafunga kitenge chake tayari, kama mtu anayengoja gari. Nilimshika makwapani. Alijishusha kwa makalio, daraja kwa daraja, na kila daraja aliomba radhi kwa Mateso aliyekuwa haangalii. Risasi zilipita juu ya mabati ya jirani. Alipofika chini, Mateso alirudi kinyumenyume akachutama, tukampandisha juu yake nikiwa nimetandaza blanketi kati ya miili yao ili heshima isivunjike, na tukakimbia. Nimejaribu mara nyingi kuichekea picha hiyo. Bado.

Kambini, karibu na uwanja wa ndege, tulipata turubai. Na hapo pia dharau yangu ilipata chakula. Waliopanga kambi walifikiria mwili mmoja tu, wa kijana mwenye afya: vyoo vya shimo na mbao mbili zenye tope, mbali, mteremkoni, bila kitu cha kushika. Bibi vizee waliacha kunywa maji ili wasiende. Nilimwambia msimamizi mmoja hivyo. Akaniambia kwamba wazee si wengi. Nikamjibu kwamba watabaki wachache zaidi akiendelea hivyo. Kisha nikaacha maneno. Nilikata shimo kwenye kiti cha mbao, nikakiweka juu ya ule mwanya, nikachomeka miti ya kalitusi kutoka kwenye turubai letu hadi mlangoni pa choo, na kamba juu yake, ya kushika. Siku ile ile bibi wa turubai la pili alikuja kuniuliza kama kiti hicho ni cha ukoo wetu peke yetu. Nilimwambia ni cha magoti yote. Akaniita "mukubwa," cheo ambacho chuo hakikunipa.

Lakini jambo lililonishangaza zaidi ni Tate mwenyewe. Kambini, kwenye matope, chini ya turubai linalovuja, alirudi kuwa mtu. Moto wake ulikuwa mlangoni. Waliopita waliinama kumsalimu. Mateso aliketi ng'ambo ya moto na kuzungumza naye akitazama pembeni. Katika nyumba yako, kwa miaka yote ile, hawakuwahi kuzungumza hivyo. Sikusifii kambi. Ninakuonyesha kwamba hema bovu lilikushinda.

Askari wa amani walipoongezeka, tukarudi nyumbani. Tate alisimama mbele ya ngazi, akaitazama, akatandika mkeka wake chini, salon, kati ya viti vya mahameli. Ndipo nilipokwenda kukuita kwenye fonia, kwa heshima yote, kukuomba ruhusa. Hukusahau bila shaka, lakini wasomaji hawakuwepo.

"Tate haendi juu tena, Baba. Tunataka kumujengea jiko na chumba uani, tubomoe ukuta wa nyuma njia ifunguke. À vous," nilisema, maana ndivyo fonia inavyokabidhi zamu ya kusema.

"Kubomoa nini? Nyumba yangu? Usiguse kintu! Mama apande kwa chumba yake, ao nimutumie ndege. À vous!"

Sauti yako ilijaza kibanda. Mzee mmoja kwenye benchi alikohoa akauliza, "Eh! Nyumba ya nani sasa?" Na mama mmoja mwenye kikapu akamjibu, "Muache. Ngazi ndiyo mama yake." Wakacheka wote, na opereta akacheka, na mimi, mwanao, nikasimama katikati yao na kifaa cha kusemea mkononi, nikitafuta hoja moja ya kukutetea. Nimesoma sana, Baba. Sikuipata.

Basi tumebomoa ukuta. Mateso alipiga nyundo, mimi nikabeba matofali. Jiko limesimama, kuta zake zinaishia kifuani. Chumba cha Tate kinapakana nalo, lakini mlango wake unatazama upande mwingine, ili mkwe aweze kuja hadi motoni bila kuvunja chochote. Hakuna kizingiti. Kitanda kina kimo cha goti lake. Nilipima goti kwanza. Mti wa kushika unatoka kitandani hadi chooni. Tangu njia ifunguke, wanawake wanapita asubuhi kuomba kaa, na Tate ameanza tena kujua mambo yasiyomhusu.

Nafasi uliyomlipia kwenye ndege hakuitumia. Nilimsomea amri yako tena, polepole, nikamweleza nyumba yako ya Kampala iko orofa ya ngapi. Alisikiliza akichochea moto. Ninajua ninavyokukosa ninapomwona amekaa hivyo, na ninajua ninavyokudharau. Sijafanikiwa kuvitenganisha viwili hivyo, wala sioni kwamba ni kazi yangu kuvitenganisha. Ukitaka kumwona, njoo kwa miguu yako wakati bado inakubeba. Kiti kifupi kipo.

Nilimuuliza kama ana neno la kukuambia.

"Muambie aache ndege," alisema. "Atume chumvi. Ile ya ziwa ya Katwe, huko kwake, ya mawe. Ya huku haina ladha."

Ubaki salama, wewe na ngazi zako.

Ni mimi,
mjukuu wa mama yako