Memori Mpya na Mwenyeji Wake

Kashojwa, Nakivale

Mudogo wangu Bisimwa,

Mugongo wako umepona? Watoto banakula vizuri? Sisi huku bado tunahema, hakuna aliyetukataza.

Ujue basi, kompyuta ya kibanda changu sasa ina mbio kuliko zote za kambi. Batu banatoka mbali kuishangaa. Sawa, nimedanganya. Alikuja mutu mumoja, tena alitaka kuchaji simu.

Yenye mbio ni ya Silasi, yule Mrundi aliyefungua kibanda mbele yangu, mwenye meno meupe ya kuudhi. Mama Neema, mke wangu wa ndoa, anapeleka kwake video za kwaya zitengenezwe, eti yangu inachelewa. Anakaa kule mpaka ugali wangu unapoa, nami namusikia akicheka. Mudogo, video gani ya kumusifu Mungu inachekesha vile?

Nikaenda Mbarara, kule Nyamityobora, nikanunua kipande cha memori kilichoandikwa vitesi 3200, ndiyo mbio zake. Nikakipachika kando ya kile cha zamani. Kompyuta ikaonyesha 2400. Nikaibeba, nikarudi kwa muuzaji na matusi yangu yote, kwamba ameniuzia feki. Akaifungua, akauliza kwa nini nimekiacha kile kizee ndani. Nikamueleza: kwetu mgeni akifika kambini tunamupatia mwenyeji, amuonyeshe fasi ya maji na fasi ya kuni.

"Mzee," akasema, "hapa mgeni ndiye anangojea mwenyeji. Zote mbili zinaenda na mwendo wa ile ya polepole."

Akakitoa. Kile kipya peke yake kikasoma 3200. Nikarudi kifua mbele, nikamuita Mama Neema aone. Akatazama, akasema ni vizuri, akachukua flashi yake akaelekea kwa Silasi. Nikamuuliza sasa shida ni nini.

"Kule naambiwa karibu," akasema. "Hapa naulizwa nilikuwa wapi."

Nimekaa na hilo neno mpaka leo, na jino linaniuma kwa wivu.

Musalimie mama mkwe wako, dada yetu wa Uvira, na shemeji yule anayekoroma kanisani.

Halafu, mudogo, zile barua tamu zilizokupatia mke, ni mimi nilikuandikia, ukaapa utanirudishia. Basi niandikie moja ya Mama Neema, fupi tu. Ya wako niliiweza. Ya wangu, kila nikishika kalamu inaanza na "ulikuwa wapi".

Kaka yako mukubwa,
Kasole