Kadi Niliyosema Ni Yako

Kyimo, Jumatatu

Dada yangu Agness,

Na lile swali lako la kwenye simu sikulijibu vizuri, kwamba ndoa inanikaliaje. Inanikalia vyema, dada, hadi naona haya kufurahi hivi. Wewe na watoto hamjambo? Kikohozi chako kimepungua na baridi hii? Sisi tu wazima, ila ukungu hauondoki mlangoni.

Hezron akirudi kutoka kiwandani tunakaa nyuma ya nyumba, kwenye migomba, eafoni moja sikioni kwake, moja kwangu. Unajua ndiye mwalimu wa kwaya. Lakini wiki ya kwanza tu alinifungulia moyo kwamba Jumamosi hutafuta muziki wa dansi wa zamani redioni, na mama yake hajui. Nilimpenda upya. Aliponiuliza mimi napenda nini, nikasema kwaya tu. Memori kadi yangu ya singeli na taarabu nikaificha kwenye kopo la majani ya chai.

Siku nane zilizopita, Jumapili, tulitarajia wakwe na wanakwaya. Asubuhi, nikifagia peke yangu, nilichomeka kadi ile kwenye sabufa, kisha nikaisahau. Hezron akamkalisha baba yake sebuleni, akawasha akidhani ni kwaya, akatoka kuwapokea wengine barabarani. Singeli ikalipuka. Mimi nilikuwa jikoni, hatua nne tu, na unajua kwetu mkamwana hajitokezi mbele ya baba mkwe. Nikabaki nimeshika mwiko. Mzee naye hajui kuizima. Nyimbo mbili zikaisha, wa tatu ukawa taarabu ya kumsema mke mwenza.

Mama mkwe akaja jikoni, akauliza kwa upole mambo yale ni ya nani.

Dada, nilisema ni yako. Nilisema uliisahau kadi siku ya harusi. Wewe unayefundisha shule ya Jumapili, ambaye redio yako ni taarifa ya habari na vipindi vya kilimo. Wewe uliyechuma chai kwa mvua na jua ili nimalize kidato cha nne.

Jumatano iliyopita akina mama wa kanisani walikuombea kwa jina, nami nikaitikia amina. Wiki ijayo mama mkwe anakuja huko kwenu Matwebe kwenye semina yao, na amesema atakukalisha chini mzungumze. Ndiyo maana naandika. Kwenye simu ningekata.

Jana nilimwambia Hezron. Hakucheka wala hakufoka. Aliuliza tu, ikiwa yeye alinipa dansi lake, mbona mimi sikumwamini na singeli yangu. Kesho naenda kwa mama, na Jumatano nitasimama palepale jina lako lilipotajwa, niseme kadi ni yangu.

Wasalimie watoto wote, na jirani yako mama Tulia. Usinisamehe kwa simu, dada. Kabla mwezi huu haujaisha nitakuja na Hezron, unitazame usoni, useme utakalo.

Mdogo wako,
Sekela