Saa Uliyomvisha Mama

Ainabkoi, Eldoret

Kwako Wachira,

Nakuandikia kwa sababu simu zangu hushiki. Mahindi yamekomaa na ng'ombe amezaa. Habari njema zimeishia hapo.

Ulipokuja kutoka Nairobi ulimvisha Mama saa ya mazoezi inayotuma hatua zake kwa simu yako, ukampandisha kilima. Aliinama kuchuma managu ya mboga, ukamwambia ayatupe, mapigo ya moyo yatashuka. Akataka kukaa anywe chai aliyobeba, ukakataa. Mama mzima, Wachira, unamfukuza kama ndama.

Tangu tumzike Baba, kilima hicho ndicho kilichokuwa kinamtoa nyumbani. Alikuwa anarudi na mboga, na udaku wa wanawake aliokutana nao. Siku hizi hapandi tena. Anazunguka kamba ya nguo mikono mitupu, anaogopa hata kusimama. "Wachira ataona kwa simu nimekuwa mvivu," ananiambia.

Jana niliivua hiyo saa nikaifunga shingoni mwa mbwa wetu. Leo Mama amepanda kilima na thermos yake. Jua linaelekea kutua, bado hajarudi, na siendi kumharakisha.

Ukiona kwa simu anakimbiza boda boda, mpigie umpongeze.

Dadako,
Wacera