Mlango wa Landilodi

Jumanne, Carrollton, Marekani

Na mlango wenyewe haukutoa hata kishindo cha maana.

Riwaya tunayosoma shuleni ina kijana Mmarekani anayembamizia mama yake mlango, kisha anabaki chumbani na hasira zake mpaka mwisho. Leo Mama aliponiuliza mbona siku hizi siongei, na mimi nikabamiza wangu.

Hata sijakaa kitandani, akaniita kutoka sebuleni: "Wambui! Kuja unipee rimoti."

Rimoti ilikuwa kando yake, hapo hapo kwenye kochi. Nikampa, nimenuna. Akasogeza miguu, bado amevaa yunifomu ya hospitali. "Kaa. Na hiyo mlango ni ya landilodi, si yetu."

Nikakaa.

Sasa namfikiria yule kijana. Kitabu kizima, hakuna mtu aliyemwita amletee rimoti.