Mama Pindo, Karatasi Yako Imeonekana

Mwaka umetimia leo, mke wangu, tangu utuage kwenye kitanda namba sita, wodi ya wanawake. Nilijiapiza kwamba siku hii nitakaa kimya. Siwezi! Nina habari yako niliyoibana kifuani miezi mitatu, naitunza nikupe siku yako, na asubuhi hii nimejipiga nyundo kidoleni kwa haraka ya kuja kuandika. Karatasi yako imeonekana. Imesomwa kwa sauti mbele ya wakubwa, na wakubwa wakanywea. Nimewaona kwa macho yangu haya.

Barua zote za nyumba hii uliziandika wewe. Hii naandika mwenyewe, mtu wa darasa la nne. Binti yetu mkubwa amenyoosha herufi tu, maneno nimemkataza kuyagusa. Kila akiinua kalamu namwambia, "Acha hivyo hivyo, mama yako atanielewa."

Wasiokujua wajue. Ulikuwa fundi cherehani miaka thelathini na mmoja, pale kibarazani petu, wewe upande ule na cherehani yako, mimi upande huu na viatu vyangu. Ulizisemesha nguo kama watoto: "Tulia wewe, unakimbilia wapi?" Watoto waliochanika sare njiani uliwashonea wakiwa wamezivaa, wasichelewe shule. Na hakuna mteja aliyepewa nguo yenye pindo lililoenda upande. "Kola mtu atakusamehe," ulikuwa unasema, "pindo hasamehi." Ndiyo maana mtaa mzima wakakuita Mama Pindo.

Na kwa kuwa mimi na kusoma hatupatani, siku ile nilipokosea jina nikampa bwana harusi suruali ya bawabu wa shule, naye akaenda nayo kuoa hivyo hivyo, ndipo ukaanza kufunga uzi kwenye pembe ya kila nguo. Kila mteja na rangi yake. Mwalimu, nyekundu. Fundi saa, bluu. Nguo za nyumbani kwetu, kijani na nyeupe, fundo moja. "Sasa hata ukilewa hukosei, Baba Watoto," ukaniambia, "na kulewa kwenyewe hujui."

Hospitali nitaisema kwa kifupi, maana ikizidi naharibu karatasi. Uvimbe wa tumboni ulipokataa dawa, alikuja yule dada wa utafiti, mwuguzi mwenye daftari. Alikuwa anawauliza wagonjwa wangependa kuhudumiwa vipi siku za mwisho, zile ambazo mtu hawezi tena kujisemea. Jirani yako wa kitanda cha tano alimfukuza: "Mwanangu, umekuja kuniagua nitakufa lini?" Wewe ukamwambia, "Vuta kiti hapa. Mimi sijawahi kukata kitambaa kabla ya kupima." Mimi mkanituma chai. Nikajua nimefukuzwa, nikaenda. Niliporudi mlikuwa mnacheka, na karatasi imekunjwa. Ukaniambia tu, "Tayari. Yangu nimeyasema."

Siku ulipoacha kusema, wakaja na mpira wa puani wa kukulishia. Binti yetu mkubwa akawaambia, "Mama hakutaka, aliandikisha." Daktari mkuu wa wodi hata uso hakuinua. "Iko wapi? Kwenye faili haimo."

Haimo! Ilikuwa imefungiwa kabatini ofisi ya utafiti, ghorofa ya juu, sawasawa juu ya kichwa chako. Binti akapanda ngazi mbio. Mkuu wa utafiti akamjibu kwamba karatasi zao hazitoki, na hata zikitoka hazina majina, zina namba tu, majina yameondolewa kulinda siri za wagonjwa. Dada mwenyewe kasafiri. Siri, mke wangu! Mwenye siri amelala chini pale, na siri yake anaidai!

Halafu wakanigeukia mimi. "Mzee, wewe ndiye mume. Tuweke au tusiweke?" Nikaweka dole gumba kwenye fomu yao. Ukawa unauchomoa, wakakufunga mikono kwa bendeji kwenye vyuma vya kitanda. Mikono ile. Siku tisa.

Baada ya kukuzika, nikahamia kwao. Kila Jumatatu nilibeba sanduku langu la kazi, nikaketi kwenye benchi nje ya ofisi ya utafiti. Mlinzi akanifukuza mara mbili. Mara ya tatu nikamwambia, "Hicho kiatu chako kinacheka, kilete." Baada ya hapo nikawa fundi wa ghorofa nzima, nashona soli za wauguzi na za madaktari, na kila anayevua kiatu namuuliza jambo moja: "Karatasi ya mke wangu iko wapi?" Mtu aliyesimama kwa mguu mmoja hawezi kukukimbia.

Mwishowe kamati yao ikaniita ndani. Meza ndefu, wenye tai saba, na dada wa utafiti pembeni. Mkuu wa utafiti akaanza kwa upole ule wa kumtoa mtu nje. "Mzee wetu, tunakuhurumia. Lakini karatasi ziko arobaini na tatu, orodha ya majina tulishaichoma, ndiyo sheria yenyewe. Hata sisi hatujui ya marehemu ni ipi."

"Sijaja kusoma," nikamwambia. "Kusoma nitawachelewesha. Zipangeni mezani nizitazame pembe."

Wakatazamana. Dada akazipanga. Nikatembea kando ya meza taratibu kama nakagua viatu, na ya kumi na tisa, pembeni juu, palikuwa na uzi. Kijani na mweupe. Fundo moja!

Mama Pindo, nilipiga kelele mpaka mlinzi akaingia. Dada akashika mdomo. "Mimi nilidhani ni uzi umenasa tu," akasema. "Nusura niukate." Yaani ulitia alama karatasi yako kama nguo ya nyumbani, ili mimi nisikosee. Wao wakaondoa jina, uzi wakauacha.

Nikasema isomwe. Mkuu akaanza habari za utaratibu. Dada hakumngoja, akasoma. Ulitaka kufia nyumbani, kitanda kisogezwe dirisha la kibarazani uione cherehani. Mpira wa puani hutaki. Mikono yako iachwe. Halafu dada akashusha karatasi, akaniangalia, nikamwambia endelea.

"Mume wangu msimuulize. Ananipenda, na anaogopa makoti meupe, atakubali kila kitu. Muulizeni binti yangu mkubwa."

Wakangoja nilie. Nikacheka, mke wangu! Nilicheka mpaka nikashika meza, maana ni wewe kabisa, nilikusikia sauti. Kulia nililia baadaye, kwenye ngazi. Dole gumba langu lile nimelitazama mwaka mzima kama si langu. Ulijua litafanya nini, na hukunichukia. Lakini wao sijawasamehe, na waandike hilo kwenye utafiti wao.

Sasa sikia walichobanwa wakubali! Karatasi ni mbili siku hizi. Moja inapanda juu na namba yake, wafanye utafiti wao. Ya pili ina jina, inakaa ukurasa wa kwanza wa faili la mgonjwa, chini kwenye wodi. Na kwenye pembe ya faili hilo wauguzi wanafunga uzi, wa kijani na mweupe, ili anayeingia zamu auone kabla hajafungua. Wazo la dada. Uzi wa kwanza umetoka kwenye kopo lako, nimeupeleka mwenyewe.

Na umefanya kazi! Fundi saa, yule mteja wako wa bluu, alilazwa mwezi uliopita. Daktari mkuu yule yule akafika na mpira, akauona uzi, akasoma, akarudi na mpira wake. Mzee akapelekwa kwake. Amefariki Jumamosi kwenye kiti chake, saa zake zote zikigonga ukutani, mikono yake mapajani. Mkewe alikuja hapa kibarazani, akagusa cherehani yako, akaenda zake.

Jana na mimi nimeandikisha yangu. Dada akaniuliza, "Baba, ukishindwa kusema, aulizwe nani?" Nikamjibu, "Yule yule aliyechaguliwa na mama yake." Kisha nikatoa uzi mfukoni nikaufunga pembeni mwenyewe. Fundo limeenda upande. Najua, najua, ungelifumua ulirudie. Ila sitakubali liguswe, nataka ulione hivyo hivyo.

Tunaokukumbuka ni mimi mumeo, binti zako wawili na mwanao wa kiume, wakwe zako, wajukuu wako watano, na wifi yako, aliyekalia cherehani yako na bado anahangaika na pindo. Dada wa utafiti ameomba awemo, nimemruhusu. Daktari mkuu hakuomba.

Hatutakusahau, Mama Pindo, leo wala siku nyingine yoyote.