Alama za Vikombe Mgongoni

Ukunda, 4 Februari 2024

Mama mpenzi,

Shikamoo. Natumai u mzima na mguu umepungua kuvimba. Naandika kwa sababu simu yako husikilizwa na jirani wote.

Ule ugonjwa unaonilaza chini kila mwezi una jina: endometriosisi. Daktari anasema nyama kama ile ya ndani ya mfuko wa uzazi imeota nje yake. Si pepo. Kanipa vidonge, na Cynthia wa kazini amenipeleka Diani kwa mama wa Kichina. Hunichoma tumboni sindano nyembamba kama unywele, kisha huniumika mgongo kwa vikombe vya kioo, kama ulivyokuwa ukimuumika marehemu baba kwa pembe. Kasema wazi kwamba hataung'oa ugonjwa. Lakini mwezi huu sikutambaa kwenda chooni.

Mwanao,
Husna

Msambweni, 13 Februari 2024

Mwanangu,

Marahaba. Sijambo, alhamdulillahi, mguu ni uleule. Mambo ya tumbo la chini hayatangazwi. Watu wa Luqman wakisikia watasema huzai. Harusi ni baada ya Idi. Ukishazaa, maumivu yatakwisha. Achana na Mchina. Barua yako nimeichoma.

Mamako

Ukunda, 3 Mei 2024

Mama,

Shikamoo. Habari za mguu siulizi.

Wiki ya harusi maumivu yalirudi, nikaenda kutibiwa nisiolewe nimejikunja. Siku ya singo Bi Mapenzi, somo wangu wa mambo ya ndoa, akanifungua leso anisugue manukato ya bibi harusi. Akaguta: "Mgongo kaumikwa, tumbo kadungwa! Bibi harusi huyu katolewa nini?" Shangazi yake Luqman akacheka: "Kumbe tunasugua chungu kilichokwisha kupikiwa!"

Nikakutazama. Ungesema tu, "Mwanangu mgonjwa, anatibiwa." Ukainama, ukaendelea kusaga liwa ya kunisugulia. Kabla ya alasiri watu wa Luqman walikuwa wamevunja harusi na kuondoka.

Husna

Msambweni, 19 Mei 2024

Mwanangu,

Marahaba. Ningefungua mdomo, wangeuliza ugonjwa huo umeutoa wapi. Mimi najikunja tangu nina umri wa miaka kumi na mitatu. Walinipigia ngoma ya pepo siku saba. Nikaolewa, nikakuzaa, haukwisha. Nina arobaini na sita na bado haujakwisha.

Yule Mchina, anapokea watu wa umri wangu?

Mamako

Ukunda, 24 Mei 2024

Mama,

Shikamoo. Kwa hivyo ulijua! Uliniandikia kwa mkono wako kwamba nikizaa yatakwisha, na kwako hayakwisha.

Anapokea. Nimekuandikisha Jumanne, tarehe nne Juni, saa nne asubuhi. Sharti ni moja: kwanza pita kwa Bi Mapenzi, umwambie ulichoniambia mimi. Si kwa ajili ya Luqman. Huyo hata aje akitambaa simtaki. Lakini Bi Mapenzi anamwoza bintiye mwezi wa nane, na baada yake atasugua wengine.

Husna

Ukunda, 5 Juni 2024

Mama,

Shikamoo. Jana nilikaa kwenye benchi mpaka saa tano. Mama wa Kichina akatoka: "Mama hajafika?" Nikamjibu hafiki. Nikalala mimi mahali pako.

Mwezi wa nane, siku ya singo ya binti wa Bi Mapenzi, nitakuja nimeumikwa upya. Nitaketi katikati yao mgongo wazi. Nawe utakuwepo, unasaga liwa. Wakiuliza ugonjwa huu nimeutoa wapi, nitakuonyesha wewe kwa kidole.

Mwanao, hilo haliondoki,
Husna