Jumamosi Wanapalilia Ngitili

Alhamisi, jua kali. Mchana mawingu yalipita juu ya Bariadi, yakatupa kivuli kidogo, yakaendelea na safari yao kuelekea ziwani.

Nimetoka kijijini kwetu jioni hii na miiba ingali kwenye suruali. Nimekaa kwenye kompyuta ya kukodi, nyuma yangu kuna watu wanasubiri, na sijui nianzie wapi.

Nianze na kilima. Kwetu ngitili ni ardhi inayofungwa ili majani yake yaje kuokoa ng'ombe kiangazi. Ya kijiji chetu ilifungwa nikiwa darasa la nne, wakati hapakuwa na jani lolote. Kilima kilikuwa chekundu, kitupu. Mvua ikinyesha udongo ulishuka hadi kisimani na mama alichota tope. Mjomba Ngasa, kaka yake mama, ndiye aliyesimama kwenye dagashida, mkutano wetu wa kijiji, akasema hakuna ng'ombe kupita pale tena. Walimchukia. Sungusungu, walinzi wa kijiji, wakakamata hata ndama wake mwenyewe.

Nimekua pamoja na kilima kile. Kwanza yalikuja magugu yale yanayonata kwenye soksi, hakuna aliyeyafurahia. Yakafuata majani mafupi, halafu marefu. Kisha miiba. Sekondari mwalimu alipotufundisha kwamba mimea hupokezana ardhi, kwamba ile migumu hutangulia kuitayarishia mingine mahali, nilicheka peke yangu darasani. Nilikuwa nakijua kilima hicho.

Sasa zamu ni ya miiba. Migunga imeshikana mpaka mbuzi hapiti. Haipendezi, nakubali. Lakini mwezi wa tisa unakwisha na kisima cha mama bado kina maji.

Leo dagashida imekaa tena. Mtendaji wa kata, bosi wangu, alinituma niende. "Sikiliza tu," alisema. Mkataba wangu wa ukarani ni wa muda, kwa hiyo mimi ni msikilizaji mzuri.

Tangu ushirika uache kuwa mnunuzi pekee, pamba yetu inangoja malori ya watu binafsi, na malori huenda yanakotaka. Wakala mmoja alipita barabarani, akatazama kilima, akasema pori lile linafuga wadudu wa pamba. Watu wakahofu malori yasije tena. Huku kila mkulima anajua: ukimaliza kuvuna unang'oa miti ya pamba, unachoma, shamba linabaki jeupe. Shamba chafu ni aibu ya nyumba nzima. Basi watu wakaitazama ngitili kwa macho hayohayo, wakaona aibu.

Wataipalilia. Jumamosi. Kung'oa na kuchoma, kama pamba.

Nilisimama. "Mwadila, banamhala," nikawasalimu wazee. Nikasema chini ya miiba kuna miche ya mikwaju, kwamba miiba inailinda isiliwe, kwamba tukichoma tutarudi kwenye magugu ya soksi na tope. Sauti yangu ilitoka kama ya mtu anayeomba ruhusa ya kwenda chooni.

"Karani," akasema mama mmoja wa nyuma, "huo ukwaju tutauchuma lini? Wewe ukishapata wajukuu?"

Nikasema pengine ndiyo. Wakacheka mpaka vumbi likapanda.

Mjomba hakucheka. "Mpwa wangu, nilifunga kilima kile kipate majani. Kimenipa miiba. Ng'ombe watakula miiba? Na pamba ikilala ndani bila mnunuzi, niwaambie watu wakale ukwaju?"

Nikaketi. Ningefarijika kama angekuwa mjinga, au mbaya.

Kila nyumba imepewa kipande chake cha kusafisha na sungusungu watakagua. Atakayebakiza kichaka atatozwa ng'ombe. Mama ana wawili, wale wa kulimia.

Mkutano ulipoisha nilipanda kilimani, nikajipenyeza chini ya kichaka kwa tumbo. Nilitaka nihakikishe sikuwadanganya. Mkwaju ulikuwepo, unanifika gotini, na udongo chini yake ulikuwa mweusi na wa baridi. Nikaanza kuchimba kwa kijiti ili niuhamishie uani kwa mama. Nilichimba hadi mkono ukazama mpaka kiwiko, na mzizi ulikuwa bado unashuka.

Nikarudisha udongo. Nikaushindilia kwa kiganja.

Nilimfuata mjomba, nikaomba tubadilishiwe, kipande kile chenye mkwaju kiwe chetu. "Chukua," akasema. "Lakini kitakaguliwa kama vingine." Mama alikuwa amesimama kando yake. Aliangalia mikono yangu yenye udongo, kisha akageuka kutazama upande wa zizi letu.

Kwa hiyo Jumamosi nitawahi na jembe. Nitaanzia upande wa mbali, shina moja, halafu jingine, nikiomba jua lichwe kabla sijaufikia mkwaju. Nitabeba pia ndoo ya maji ya kisimani, kwa sababu majirani wa kulia na kushoto ni wachapakazi. Watamaliza mapema, na wakimaliza watawasha moto.

Mtu anaweza kupalilia polepole kiasi gani?